Uliza Ujibiwe: virusi vinavyotengenezwa maabara

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, virusi vinavyotengenezwa na binadamu. Naona wengi mmetumiwa ile voisi inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, inayosema wazungu wanaunda virusi kwenye kompyuta alafu wanatuletea huku ndani ya chanjo. Ndani ya hiyo voisi kuna ukweli kidogo umechanganywa na uongo mwingi, ndo maana inawashika watu. Nimechagua maswali machache yanayogusa wengi, twende nalo moja moja.

Shikamoo daktari. Mimi nasoma kidato cha sita PCB hapa Moshi. Mwalimu wetu anasema kirusi hakiwezi kuzaliana nje ya seli, sasa inakuwaje mtu akae maabara akitengeneze? Wameshafanya kweli au ni chai tu?

Marahaba mwanangu. Wameshafanya, na sio jana. Mwalimu wako yuko sahihi kabisa na jibu la swali lako limo humo humo kwenye maneno yake. Kirusi nje ya seli hakili, hakipumui, hakikui, ni maelekezo tu ya kikemia, DNA au RNA, yamefungwa ndani ya ganda la protini. Sasa kama ni kemikali, na mpangilio wa herufi zake unajulikana, basi mtu anaweza kuiunda ile kemikali upya bila kuwa na kirusi chenyewe mkononi.

Mwaka 2002 profesa Eckard Wimmer na wenzake wawili, Jeronimo Cello na Aniko Paul, pale chuo cha Stony Brook kule New York, walitangaza wametengeneza kirusi cha polio kwa njia hiyo. Herufi zake ni kama 7,500 na zilikuwa zimeshachapishwa hadharani, wakaagiza vipande vya DNA, wakaviunga mpaka wakapata maelekezo kamili, na kilichotoka mwishoni kilikuwa polio kweli, panya waliochomwa wakapooza. Kazi iliwachukua miaka kama mitatu hivi. Watu walikasirika sana, kuna waliosema ni kazi ya hovyo inayowafundisha magaidi, Wimmer mwenyewe akajibu kwamba ni bora dunia ijue mapema kuwa jambo hili linawezekana. Mimi nakubaliana naye kwa hilo, hatari usiyoijua huwezi kuiwekea ulinzi.

Mwaka uliofuata Craig Venter na Hamilton Smith wakaunda kirusi kingine kinaitwa phiX174 kwa wiki mbili tu. Hiki hakiwadhuru binadamu, kinashambulia bakteria, kina herufi 5,386 na kilishasomwa chote na Fred Sanger tangu 1977. Alafu mwaka 2025 watafiti wa Stanford na Arc Institute kule California wakaiachia programu ya akili mnemba iandike yenyewe maelekezo mapya yanayofanana na hako hako ka phiX174, wakajaribu kama 300 hivi, 16 zikafanya kazi kweli na kuua bakteria. Virusi vya binadamu na wanyama waliviondoa makusudi kwenye masomo ya hiyo programu isije ikajifunza visivyotakiwa. Kwahiyo ile sehemu ya voisi inayosema virusi vinaundwa kwenye kompyuta ina ukweli, ila ni virusi vya bakteria.

Na kwanini watu wahangaike na virusi vya bakteria? Kwasababu ya usugu wa dawa. Mwaka 2019 ilitoka taarifa ya binti mmoja aliyetibiwa London, hospitali ya Great Ormond Street, alikuwa amepandikizwa mapafu na bakteria mmoja sugu akasambaa mwilini, antibiotiki zote zimegoma. Graham Hatfull wa chuo cha Pittsburgh akachagua virusi vitatu vya bakteria, baadhi vikabadilishwa jeni ili viwe vinaua kabisa badala ya kujificha ndani ya bakteria, na binti akapata nafuu kubwa. Kimoja kati ya hivyo vitatu kilipatikana kwenye biringanya lililooza huko Durban, Afrika Kusini, wanafunzi walikuwa wanakusanya sampuli za masomo tu. Wewe unayesoma PCB shika hilo, sampuli ya mwanafunzi wa Afrika ilivuka bahari ikaenda kumsaidia mtu London.

Daktari habari za kazi. Binti yangu ana miaka 10, shuleni wanataka kumchanja ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wanasema ina kirusi cha kutengenezwa kinachofunga kizazi. Naogopa kusaini. Mama, Tabata.

Nzuri mama, na asante kwa kuuliza kabla ya kukataa. Ndani ya hiyo chanjo hamna kirusi. Kuna ganda tupu. Wanasayansi waligundua, Ian Frazer na mwenzake Jian Zhou kule Brisbane, Australia, mwaka 1991, kwamba protini ya nje ya kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani hiyo, ikitengenezwa peke yake inajikunja yenyewe ikawa kama kirusi kwa nje, ila ndani hamna DNA hata kidogo. Sasa kitu kisicho na maelekezo ndani hakiwezi kuzaliana, hakiwezi kuambukiza, hakiwezi kwenda kwenye kizazi kufanya chochote, kinga ya mwili inaliona lile ganda inajifunza sura yake basi, siku kirusi chenyewe kikija kinakuta kinatambulika. Chanjo hii imeanza kutumika duniani mwaka 2006 na hapa kwetu tangu 2018. Wasichana waliochanjwa mwanzoni huko duniani sasa ni wanawake wazima wanazaa.

Kinachoharibu kizazi ni saratani yenyewe mama, na hiyo ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Wanaokuja hospitali wamechelewa nimewaona, na inaniuma kwasababu wengi wao kwa wakati wao chanjo haikuwepo. Ya binti yako ipo. Sasa hivi ni sindano moja tu. Saini.

Na ile ya Johnson ya korona? Tulichanjwa 2021, hiyo nayo ni ganda tupu? Dereva wa lori, Tunduma.

Hapana kaka, ile ni tofauti. Ile ni kirusi cha mafua ya kawaida, adenovirusi namba 26, wamekitoa uwezo wa kuzaliana na kukipa kipande cha maelekezo ya ile miiba ya korona. Kinaingia kwenye seli, kinashusha mzigo wake, kinaishia hapo hapo, yaani kinafanya kazi kama boda boda, kikishamshusha abiria hakina kingine. Ile ya AstraZeneca ni hivyo hivyo ila wao walitumia adenovirusi ya sokwe. Madhara ya nadra yapo na yalitangazwa wazi, kuganda kwa damu kwa watu wachache sana, ndo maana nchi nyingine zikapunguza kuzitumia zilipopata nyingine. Ila kubadili DNA yako hapana, na kukuambukiza korona hapana pia, maana maelekezo ya korona nzima hayamo.

Jambo dokta. Niko muuguzi hapa Butembo, Nord-Kivu. Tulichanjwa chanjo ya Ebola wakati wa mlipuko mkubwa na watu wengi walisema wanatutia Ebola ili wapate pesa. Naomba ueleze inatengenezwaje ili niwaeleze vizuri, na je inatukinga na zote?

Jambo sana, na poleni kwa yote mliyopitia huko, kufanya kazi ya afya huku watu wanakurushia mawe ni mzigo mzito.

Hiyo chanjo inaitwa Ervebo. Walianza na kirusi cha mifugo, kinachowapa ng'ombe na farasi na nguruwe vidonda vya mdomoni, kwa binadamu hakina shida kubwa. Wanasayansi wa maabara ya taifa ya Canada pale Winnipeg wakakitoa protini yake ya nje wakaweka ya Ebola. Kwahiyo mwili unaona sura ya Ebola ukajiandaa, ila ndani ni kirusi kingine kabisa, na Ebola yenyewe ina jeni saba, hapa ipo moja tu. Huwezi kuugua Ebola kwa jeni moja. Homa na maumivu ya viungo siku mbili tatu baada ya sindano ni kweli yapo, msiwafiche watu, mkiwaficha ndo wanadhani mnawatia ugonjwa. Ilijaribiwa Guinea 2015 kwa kuchanja watu waliomzunguka mgonjwa, na kwenye mlipuko wenu wa 2018 mpaka 2020 walichanjwa zaidi ya watu 300,000. Ule mlipuko uliua watu 2,287. Mimi naamini bila chanjo na bila nyie wauguzi ingekuwa balaa zaidi.

Swali lako la pili ndo zito. Haikingi zote. Ile sura waliyoivisha ni ya Ebola aina ya Zaire tu. Mwaka 2022 Uganda walipopata aina ya Sudan kule Mubende hawakuwa na chanjo, walipambana kwa kutenga wagonjwa na kufuatilia waliokutana nao. Mwaka 2025 ilipotokea tena hali ilikuwa imebadilika kidogo, chanjo ya majaribio iliyotengenezwa kwa kirusi kile kile cha mifugo, safari hii kimevishwa sura ya Sudan, ilianza kutolewa siku nne tu baada ya mlipuko kutangazwa. Hapo ndo naona utamu wa teknolojia hii, ukishajua namna ya kuvisha sura moja, kuvisha nyingine hakukuchukui miaka ishirini. Ila Marburg, ugonjwa ndugu wa Ebola, iliyotupiga Kagera 2023 na tena 2025 bado haina chanjo iliyoidhinishwa, na kwa kweli hilo linaniudhi, manake ni ugonjwa uliojulikana tangu 1967 na wanaokufa nao ni watu wa huku ambao hakuna kampuni inawahesabu kuwa soko.

Sasa daktari. Mimi ni fundi wa simu Nakuru. Kama kutengeneza virusi imekuwa rahisi hivyo, nini inazuia mtu mbaya kurudisha ndui?

Swali la haki kabisa, na sitakudanganya kwamba hamna hatari.

Ndui kwa wasioijua ilikuwa inaua kama watu watatu kati ya kumi wanaoipata. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akajitolea kwenye kampeni za polio, akiwaambia wazazi kwamba yeye mwenyewe aliikwepa chanjo ya ndui na ndo maana ikampata. Alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo ya polio. Mtu kama huyu angestahili barabara yenye jina lake huku Afrika Mashariki.

Mgonjwa wa mwisho kabisa kufa kwa ndui lakini aliipatia Uingereza mwaka 1978, mpiga picha wa chuo cha Birmingham ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya maabara iliyokuwa inatunza kirusi hicho. Baada ya hapo dunia ikakubaliana vibaki sehemu mbili tu, ambazo leo ni Atlanta Marekani na Koltsovo Urusi, chini ya ukaguzi wa WHO. Sasa mwaka 2018 profesa David Evans wa chuo cha Alberta, Canada, akachapisha kwamba wameunda upya kirusi cha ndui ya farasi, ndugu wa ndui ya binadamu, herufi zaidi ya laki mbili, kwa gharama ya kama dola laki moja. Alisema lengo ni chanjo bora. Wengi waliona, na mimi nimo, kwamba faida iliyotajwa haikulingana na mlango uliofunguliwa, chanjo za ndui zilikuwepo tayari.

Kinachozuia ni vitu vingi kidogo kidogo. Kampuni kubwa zinazouza DNA tangu 2009 zina umoja wao ambao unakagua oda, ukiagiza kipande kinachofanana na kirusi hatari wanakuuliza wewe nani na unafanyia nini. Wenyewe mmegundua shida ni nini, sio kampuni zote zimo kwenye huo umoja na nchi nyingi hazina sheria ya kulazimisha. Mwaka 2006 gazeti la The Guardian la Uingereza liliagiza kakipande kadogo ka DNA ya ndui na kakafika mlangoni kwa posta, kadogo kasichoweza kudhuru, ila ujumbe ulifika. Kuna mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha za kibaiolojia unaofanya kazi tangu 1975, ila hauna kikosi cha wakaguzi. Alafu kuna kizuizi ambacho watu hawakisemi, kuwa na DNA mkononi sio kuwa na kirusi, kunataka maabara, watu waliosomea miaka, na mikono iliyozoea. Hicho ndo kizuizi kikubwa mpaka leo, lakini kinapungua kila mwaka, kwahiyo mimi nasema ukaguzi wa oda uwe sheria kila nchi, Kenya na Tanzania zikiwemo, sio hiari ya kampuni.

Dokta, hapa Sumbawanga 2023 walipita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, wakasema polio iliyopatikana imetokana na chanjo. Sasa si ndo wanatuletea wenyewe? Baba wa watoto wanne.

Baba, hili ndo swali nililolisubiri, na nitalijibu kwa urefu kwasababu watu wa afya wengi wanalikwepa alafu uvumi unajaza nafasi.

Ni kweli. Matone ya zamani yana kirusi cha polio hai kilichodhoofishwa, na ni chanjo nzuri mno, imekaribia kuifuta polio duniani. Mtoto akipewa, kile kirusi dhaifu kinazaliana tumboni wiki chache kinatoka na choo. Mtaa ukiwa umechanjwa vizuri kinaishia hapo. Mtaa wenye watoto wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, kinaenda kwa mtoto mwingine na mwingine, kila mara kinajinakili kwa makosa madogo, na baada ya miezi mingi ya kuzunguka kinaweza kurudisha ule ukali. Ndicho kilichopatikana Rukwa, aina ya pili. Kumbuka kwa kawaida hakimpoozeshi aliyechanjwa vizuri, kinampoozesha aliyeachwa.

Sasa hapa ndo virusi vya kubuniwa vilipoingia kwa faida yetu. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani wakachukua kirusi cha chanjo wakaandika upya sehemu kadhaa za maelekezo yake, pamoja na kile kimeng'enya kinachonakili, ili kisikosee kirahisi na hata kikikosea iwe vigumu kurudi kwenye ukali. Majaribio ya kwanza kwa binadamu yalifanyika 2017 chuo cha Antwerp, Ubelgiji, watu 30 waliojitolea wakafungiwa kwenye kijiji cha makontena siku 28 na choo chao kikawa kinapimwa, kirusi kisije kikatoka nje. Novemba 2020 WHO ikairuhusu kwa dharura, Machi 2021 ikaanza kutumika Nigeria na Liberia, Desemba 2023 ikapata ithibati kamili. Zaidi ya dozi bilioni 1 zimeshatolewa. Inatengenezwa Indonesia, na matone waliyopewa wanao ndo hayo.

Je imemaliza tatizo? Hapana. Machi 2023 ilitangazwa kwamba hata hii mpya imesababisha wagonjwa wachache huko mashariki mwa Kongo na Burundi, watoto sita Kongo na mmoja Burundi. Kwa dozi zilizotolewa ni nadra mno na ni nafuu kubwa ukilinganisha na ile ya zamani, lakini mtoto mmoja kupooza ni mtoto wa mtu, haikupaswa kufichwa na haikufichwa. Ndo maana wakija tena wapokee, na wale wa jirani waliokataa ongea nao wewe kama baba, manake chanjo hii inakuwa salama zaidi kadri watoto wengi wanavyopewa.

Daktari shikamoo. Mwanangu ana sikoseli, ana miaka 13. Nimesikia Marekani wanaitibu kabisa kwa kutumia virusi vya UKIMWI. Ni kweli? Na sisi tunaipataje? Baba, Mwanza.

Marahaba, na pole sana kwa kulea mtoto mwenye selimundu, naelewa zile usiku za maumivu.

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Desemba 2023 Marekani waliidhinisha tiba mbili siku moja. Moja inaitwa Lyfgenia, hiyo inatumia kirusi kilichotokana na cha UKIMWI, kimetolewa kila kinacholeta ugonjwa, kimebakizwa ule ustadi wake wa kuingiza jeni ndani ya seli. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanaziingizia jeni nzuri ya himoglobini maabara, mgonjwa anapewa dawa kali za kusafisha uloto ulio ndani ya mifupa, alafu anarudishiwa seli zake. Kati ya wagonjwa 32 waliofuatiliwa, 28 hawakupata tena shambulio la maumivu kwenye kipindi cha uchunguzi. Kupata UKIMWI kwa hiyo tiba hapana. Ila ina onyo kubwa la saratani ya damu, na bei yake ni dola milioni 3.1. Ile nyingine, Casgevy, haibebi jeni kwa kirusi, ni dola milioni 2.2.

Tanzania wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kwa bei hiyo tiba ipo na haipo. Nasema hivi kwa uchungu, ugonjwa ni wetu, asili yake ni huku kwenye malaria, na dawa imetengenezwa mahali ambapo wagonjwa ni wachache kuliko huku kwetu.

Usiuze kiwanja kuifuata. Kilichopo na kinachofanya kazi ni haidroksiurea, vidonge vya kila siku, utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa 2019 ulionyesha watoto waliotumia walipungukiwa maumivu, kuongezewa damu, hata malaria na vifo. Kliniki ijayo iulize kwa jina, uliza na kipimo cha damu cha kufuatilia dozi. Na kama ana ndugu wa baba na mama mmoja asiye na ugonjwa, uliza kuhusu kupandikizwa uloto, hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma walianza huduma hiyo kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Nenda na kadi zake zote za kliniki na majibu ya vipimo vya zamani.